Tumeambiwa Tuoge Mlango Ukiwa Wazi

Sisi wapangaji wa magorofa mapya ya Nairobi tumechoka kuambiwa kwamba hatujui kuoga. Jengo halijatimiza mwaka, vigae bado vinang'aa, lifti bado inanukia rangi, na tayari dari ya bafu imeota madoa meusi kuanzia juu ya shawa hadi pembe ya mlango. Ukimwita keateka, anakuja na viatu vyake vya mpira, anatazama juu, kisha anauliza swali lile lile: "Kwani nyinyi mnaoga maji ya moto sana?"

Ndiyo, tunaoga maji ya moto. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai baridi inashuka hadi nyuzi 12 na wakati mwingine chini ya hapo. Tena shawa ya umeme hatukuifunga sisi. Mwenye nyumba ndiye aliyeifunga, akaitaja kwenye tangazo pamoja na kisima, kamera za usalama na maegesho. Leo kuitumia kumekuwa kosa.

"Basi, mama, ukioga uache mlango wazi kidogo," keateka anashauri, na anasema kwa heshima kabisa. Mama anayeambiwa hivyo ana vijana wawili wa kiume, shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi, na mlango wa bafu unaotazamana na kochi la sebuleni.

Hebu tulitazame bafu lenyewe. Wenye bahati wana kidirisha cha futi moja, kimewekwa juu usikofika bila kupanda kiti, na kinafunguka kwenye shimo la katikati ya jengo. Shimo hilo ndimo yanamopita mabomba ya maji taka ya ghorofa zote. Huko juu kabisa limefunikwa na mabati ya plastiki ili mvua isiingie, kwa hiyo hewa nayo haina pa kutokea. Tunajua jirani wa ghorofa ya pili anakaanga nini na wa ghorofa ya sita anamgombeza nani, lakini upepo hatuujui. Wasio na bahati hawana dirisha, wana feni. Feni yenyewe imeunganishwa na swichi ya taa, ukitoka ukazima taa nayo inanyamaza, wakati mvuke ndio kwanza umetanda. Kuna fundi aliyepanda kuangalia kwa nini feni inavuma bila faida, akakuta bomba lake limeishia pale pale juu ya dari. Ilikuwa inautoa mvuke bafuni na kuuhifadhi juu ya vichwa vyetu.

Kinachotokea si uchawi. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Ikigusa kigae au zege lililopoa usiku kucha, inashindwa kuubeba, na ukuta unatoka jasho. Ukungu hauhitaji dimbwi. Unatosheka na uso unaokaa na unyevu siku baada ya siku na chakula kidogo: karatasi ya bodi ya jipsamu, vumbi, povu la sabuni lililokauka. Jipsamu ile ya kawaida, iliyokusudiwa sebule na vyumba vya kulala, ndiyo waliyotuwekea juu ya shawa, kwa kuwa ile inayostahimili unyevu bei yake ni ya juu.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: upya wenyewe ni maji. Mita moja ya ujazo ya zege huchanganywa kwa lita zipatazo 150 hadi 200 za maji. Saruji hunywa sehemu, na yanayobaki lazima yatoke polepole kupitia kuta, kwa miezi mingi. Plasta nayo ina yake. Lakini mjenzi ana mkopo wa benki, kwa hiyo plasta hupakwa rangi kabla haijakauka, vigae hubandikwa toka chini hadi juu, na wapangaji wa kwanza huingia huku ghorofa za juu zikiendelea kumwagwa zege. Unyevu unaotafuta njia unatukuta sisi, madirisha tumeyafunga kwa baridi.

Hatusemi hatuna mchango. Maji ya jiji ni ya mgao, hivyo bafuni kuna pipa na madumu yaliyojaa muda wote. Nguo je? Ilani iliyobandikwa getini inakataza kuanika barazani, eti jengo litaonekana la ovyo, na za kamba ya juu ya paa huondoka zenyewe, hasa jinzi. Basi zinakaukia bafuni. Lakini nani alitupangia maisha ya namna hiyo?

Dawa tumejaribu zote. Jik huyafanya madoa yawe meupe, na kwenye kigae inasaidia kweli. Kwenye jipsamu huondoa rangi tu, mizizi inabaki na unyevu unaongezeka. (Na tafadhali, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, na katika chumba kisicho na dirisha hilo si jambo la mzaha.) Silikoni ya pembeni mwa sinki ikishakuwa nyeusi ndani haisuguliki, ikatwe iwekwe nyingine. Kufuta kuta kwa mpira kila baada ya kuoga kunapunguza tatizo, tunakubali kwa shingo upande, ila mwambie hivyo mtu anayekimbilia matatu saa kumi na moja alfajiri.

Dawa ya mwenye nyumba ni moja: rangi. Mpangaji akihama, dipoziti inakatwa "gharama ya kupaka rangi", weusi unafunikwa, na anayefuata anaonyeshwa bafu jeupe mwezi wa Januari, jua likiwaka. Ikifika Julai ukungu unapenya, naye anaulizwa kama anaoga maji ya moto sana.

Haya si malalamiko ya watu wanaopenda urembo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likihusisha unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba na pumu na maradhi mengine ya kupumua. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na uchunguzi rasmi wa kifo chake ukahitimisha mwaka 2022 kwamba sababu ilikuwa kuishi muda mrefu na ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Waliowapangisha walidhani tatizo ni namna familia ile inavyooga. Mnasikia? Sasa England ina sheria yenye jina la mtoto huyo. Tangu Oktoba 2025, wapangishaji wa nyumba za kijamii wanapaswa kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza ukungu mkubwa ndani ya siku 10 za kazi.

Sisi twende wapi? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatuahidi makazi ya kufaa. Lakini baraza la migogoro ya kodi, kwa sheria iliyoliunda, linashughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta Ruaka, Kilimani au Syokimau gorofa jipya la bei hiyo utuonyeshe. Wabunge wapandishe kiwango hicho, na wakaguzi wa kaunti, kabla ya kutoa cheti cha kuhamia, wafunge mlango wa bafu, wafungulie maji ya moto, wasubiri humo ndani.

Nawe unayetafuta nyumba mwezi huu, achana kwanza na lifti na kabati za jikoni. Ingia bafuni, uliza dirisha linafunguka wapi, washa feni uishikie karatasi uone kama inaivuta. Kama kuna harufu ya rangi mpya kwenye dari peke yake, uliza imefunika nini. Na kabla hujatuma dipoziti, piga dari picha yenye tarehe, umtumie mwenye nyumba, uhifadhi jibu lake.