Mafuta Haya Yana Mnunuzi Tayari

Kila bei ya dizeli inapopanda, hoja ile ile hurudi: Tanzania ina ardhi, ina jua, ina alizeti ya Singida na michikichi ya Kigoma, kwa nini tuagize mafuta kwa dola ilhali tunaweza kuyalima? Wanaosema hivyo si watu wa kubezwa. Kitaalamu wako sahihi. Mafuta ya mimea yakichanganywa na methanoli na kostiki soda kidogo, gliserini hutuama chini na biodizeli hubaki juu, na lori hutembea nayo. Ninachokipinga ni hitimisho lao: kwamba kwa kuwa inawezekana, basi itakuwa nafuu.

Kwanza, bei ya malighafi. Mara nyingi robo tatu ya gharama ya biodizeli au zaidi ni mafuta yenyewe. Kiwanda na kemikali hubeba kilichobaki. Sasa linganisha lita ya mafuta ya kula dukani na lita ya dizeli kituoni. Kwa kawaida ya kula ndiyo ghali, na bado hujalipia methanoli wala umeme. Isitoshe, lita ya biodizeli ina nishati pungufu kidogo kuliko dizeli ya kawaida. Na kwa miaka mingi nchi yetu imeagiza zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayoyatumia. Ukiitia alizeti ya Singida kwenye tangi, pengo la jikoni litazibwa na mawese ya Malaysia au Indonesia, nayo hulipiwa dola zile zile tulizotaka kuziokoa.

Pili, mbono, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Hapa wenzetu hujibu kwamba mbono hauliwi, tena huota hata kwenye ardhi iliyochoka, hivyo haugombanii chochote na sufuria. Hoja hii ina uzito, na ndiyo iliyotuponza. Mafuta ghafi yalipokuwa yakipanda hadi kufikia dola 147 kwa pipa Julai 2008, BioShape ya Uholanzi ilichukua ardhi Kilwa, na Sun Biofuels ya Uingereza Kisarawe. Kufikia 2011 miradi yote miwili ilikuwa imesimama. Ingawa ni kweli kwamba mbono hustahimili ukame, kustahimili ni jambo moja na kuzaa ni jingine. Tathmini iliyofanywa Kenya mwaka 2009 kwenye mashamba ya wakulima ilikuta mavuno hafifu mno, ikashauri mbono upandwe kama ua wa kuzungushia shamba tu.

Hata unapozaa vizuri, kuna kazi ya kuchuma. Matunda hayaivi pamoja: kwenye kichala kimoja utakuta la kijani, la njano na jeusi lililokauka. Mchumaji huchagua, hurudi tena baada ya siku kadhaa kwenye mti ule ule, kisha huketi kubangua. Mtu mwepesi hupata kama kilo 2 au 3 za mbegu kwa saa, na lita moja ya mafuta hutaka kilo 4 hadi 5. Karibu saa mbili za jasho, basi, kabla mbegu hazijafika kwenye mashine ya kukamulia. Ukimlipa mchumaji ujira wa haki, dizeli imekushinda bei. Mashudu ya alizeti humwokoa mwenye kinu, kwa kuwa wafugaji huyanunua. Ya mbono yana sumu. Hayafai kulisha ng'ombe wala kuku.

Mbona Indonesia wameweza? Wameweza kweli: mwaka 2023 walianza kuchanganya asilimia 35 ya biodizeli ya mawese kwenye dizeli yao. Lakini hao ndio wazalishaji wakubwa kuliko wote wa mawese duniani, na tofauti ya bei huzibwa kwa tozo wanayotozwa wanaoyasafirisha nje. Sisi tunaoagiza tungemtoza nani?

Nakubali kwamba ipo malighafi moja ambayo hesabu yake inaweza kukaa sawa: mafuta yaliyokwisha kukaangia, ya hoteli na vibanda vya chipsi. Hayo jiko limeshamalizana nayo, na bei yake imeshuka. Wingi wake hauongezwi kwa kulima ekari zaidi, hivyo hayatamaliza uagizaji wa dizeli. Ila kila lita inayoingia kwenye injini haitarudi kuuzwa tena kwa mama anayekaanga mihogo. Mradi wa namna hiyo ningeuunga mkono hata kesho.