Mpaka hina hulipwa, mbona mchora katuni aambiwe ‘utajulikana’?

Mwambie mzazi wa Kizingo kwamba bintiye anataka kuwa daktari, atatabasamu. Mwambie wakili, atashukuru Mungu. Sasa mwambie binti anataka kuchora katuni. Atanyamaza kidogo, kisha aulize: “Na kazi atafanya gani?”

Wala si wazazi peke yao. Sisi wenyewe vijana tunaongea hivyo hivyo. Katuni kwetu ni kitu cha kumwekea mtoto kwenye simu anyamaze, mamake apate kupika. Ndio maana ukisimama Mama Ngina jioni, watu wanatafuna mihogo yao, ukawauliza Ng’endo Mukii ni nani, sidhani utapata wengi wa kukujibu.

Mukii ni Mkenya. Alisomea Rhode Island School of Design kule Marekani, halafu Royal College of Art, London. Mwaka wa 2012 alitoa filamu fupi ya uhuishaji inayoitwa Yellow Fever, dakika saba hivi. Inahusu nini? Mkorogo. Naam, huu huu mkorogo tunaoujua, wa uso rangi ya ndizi mbivu na vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi. Ndani ya filamu hiyo kuna sauti ya mpwa wake, mtoto mdogo tu, akiongea bila haya yoyote jinsi anavyotamani kuwa na ngozi nyingine. Michoro inachanganyika na miili ya wachezaji densi halisi. Filamu hiyo ilitambuliwa hadi tamasha la kimataifa la filamu la Chicago. Sasa hebu niambie, hiyo ni katuni ya watoto?

Mimi naona alichokifanya Mukii kinatufaa sisi wa Pwani kuliko mtu yeyote, na sababu yake ni sitara. Huku kwetu mambo mazito hayasemwi mbele ya kamera. Dada aliyerudi kutoka Ghuba, aliyefanya kazi za nyumbani miaka miwili na kurudi bila mshahara, atakusimulia yote mkiwa jikoni. Ukitoa simu umrekodi, anavuta mtandio na hadithi imekwisha. Hana makosa. Ana watoto, ana majirani, ana posa za wadogo zake za kufikiria. Lakini mpe nafasi ya kutoa sauti tu, uso ubaki wa kuchorwa, na huenda akaongea. Mukii alifuata njia ya aina hiyo mwaka wa 2015 katika This Migrant Business, filamu kuhusu biashara ya kuwasafirisha wahamiaji. Mchoro unasema ukweli na aibu ya mtu inabaki imefunikwa. Ndugu anayepambana na unga, binti aliyeozwa mapema, hadithi hizi ziko kila mtaa hapa kisiwani na hazina pa kutokea.

Tusipozichora wenyewe, watachora wengine. Mwaka wa 2023, Disney+ ilitoa mkusanyiko wa filamu kumi za uhuishaji za Kiafrika. Jina lake? Kizazi Moto. Kiswahili hicho. Studio iliyosimamia ilikuwa Triggerfish ya Cape Town. Kenya ilikuwemo, kupitia Mukii huyo huyo na filamu yake Enkai, ya binti mwenye uwezo wa kuumba na mamake anayeikabili dunia inayoharibiwa na binadamu. Lakini kuna nyingine humo inaitwa Hatima, inahusu watu wa baharini. Jina la Kiswahili, hadithi ya bahari, na waongozaji wake ni wa Afrika Kusini! Siwalaumu hata kidogo, walifanya kazi nzuri. Nauliza tu, sisi tuliozaliwa tukisikia maji ya Likoni yakipiga mawe tulikuwa wapi?

Jibu ninalolisikia sana ni kwamba Mombasa si Nairobi, acha Cape Town. Hakuna studio kubwa huku. Sawa. Hebu angalia miguu yako. Wengi wetu tulivaa viatu vya Bata shuleni. Kampuni hiyo ilianzia mwaka wa 1894 katika mji wa Zlín, huko Jamhuri ya Cheki ya leo. Zlín haikuwa mji mkuu, ulikuwa mji wa kiwanda cha viatu. Katika miaka ya 1930 Bata wakajenga studio ya filamu pale pale Zlín, wapate kutengeneza matangazo ya viatu vyao. Basi. Hawakuwa na ndoto ya sanaa kubwa, walitaka kuuza viatu.

Ndani ya studio hiyo akaja mwanamke mmoja, Hermína Týrlová, ambaye awali alikuwa Prague akichora katuni za matangazo. Hapo Zlín akatengeneza Ferda Mravenec, filamu ya sisimizi wa kuchonga, iliyotoka 1944. Mwaka wa 1946 ikaja Vzpoura hraček, ambapo wanasesere wanamchapa askari wa Gestapo. Mwaka wa 1958 akafanya filamu ambayo mhusika wake mkuu ni kitambaa cha mkononi chenye fundo. Kitambaa tu, bana. Anakisogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza tena. Baadaye akatumia hata nyuzi za sufu. Sasa sisi tuna leso, tena leso yenye jina lake inayosema kabla mvaaji hajafungua mdomo, na bado twalia hatuna vifaa. Programu za Blender na Krita ni za bure. Simu ya kupigia picha unayo mkononi unaposoma haya.

Kwa hivyo vifaa si kizuizi kikubwa. Kizuizi ni malipo, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Týrlová aliweza kubaki Zlín na kufanya kazi humo kwa miongo kadhaa kwa sababu kulikuwa na mahali pa kazi, na mahali hapo palijengwa kwa pesa za matangazo. Huku kwetu mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye kampuni ya utalii, akitaka tangazo la katuni anamtafuta binti anayechora na kumwambia: “Fanya hili la kwanza bure, utajulikana.” La pili pia bure. La tatu binti anaenda zake Nairobi, au anafunga laptopu na kutafuta kazi ya kaunta.

Mbona mpaka hina haambiwi hivyo? Harusi ikikaribia, bibi harusi anamtafuta fundi wake, wanapatana bei, piko kando, hina kando, mikono na miguu kando, na mara nyingi malipo ya awali hutumwa kwa simu kabla fundi hajatoka kwake. Hakuna shangazi anayethubutu kusema “utajulikana”. Mji huu unajua vizuri sana kwamba mkono wa mwanamke anayechora una bei. Umeamua tu kusahau akishika kalamu ya kompyuta.

Tufanye hesabu basi, ili dada anayechora awe na la kusema. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi huchora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Tangazo la sekunde 30 ni michoro 360, kabla ya sauti, kabla ya rangi, kabla ya mteja kusema hapendi kofia ya yule mhusika. Andika idadi hiyo kwenye karatasi, weka bei mbele yake, na uiombe nusu kabla ya mchoro wa kwanza. Mteja akisema ni ghali, mwulize fundi wa hina wa harusi yake alilipwa ngapi.