Takwimu za soko zinapokwama, mfanyabiashara mdogo hubaki gizani

Kwa kawaida kila Ijumaa, CFTC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya baadaye, hutangaza jinsi makundi ya wafanyabiashara yalivyojipanga hadi Jumanne. Mwaka 2023 shambulio la kimtandao dhidi ya kampuni ya ION lilichelewesha ripoti hiyo kwa wiki kadhaa. Oktoba 2025 ilikwama tena, shughuli za Serikali ziliposimama kwa kukosa bajeti. Benki kubwa huona oda za wateja wao kila siku. Anayefanyia biashara nyumbani hana dirisha jingine. Nakala aliyohifadhi kwenye diski ya pili humlindia takwimu za nyuma na hesabu zake, lakini haimpi wiki ambayo haijatangazwa. Wiki hiyo, busara ni kupunguza dau.