Subaru, Mapacha na Taarifa ya Simu: Tulivyoamua Kuuza

Kama unaishi Riruta, hiyo sauti unaijua. Saa kumi na moja alfajiri, mtu anawasha gari kwa ploti, na mlio mzito wa kukatikakatika unapenya madirishani mpaka kila mtoto wa jengo anaamka. Kwa miaka mitatu, hao watu tulikuwa sisi. Tulikuwa na Subaru Impreza WRX ya 2004, rangi ya buluu, yenye turbo na eksosi ambayo majirani walituvumilia nayo kwa sababu tu tuliwapa lifti.

Septemba 2024 tulipata mapacha. Juni 2025 tukaiuza. Tangu hapo tumeulizwa swali moja na marafiki wengi wenye gari la roho na mtoto njiani: je, mtoto akija gari liende? Maoni yetu ni haya: usiruhusu moyo ujibu peke yake, na usiruhusu mtaa ukujibie. Jibu liko kwa simu yako, kwenye taarifa ya miamala ya miezi kumi na miwili.

Kwanza, hatudharau mapenzi ya gari

Kuna watu husema gari ni vyuma tu. Hao hawajakulia Kenya. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na vizazi kadhaa vimesimama kando ya barabara ya vumbi vikisubiri magari yapite. Wazee wetu walimshangilia Patrick Njiru na Subaru yake miaka ya tisini. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiwa na Impreza, na hadi leo ukiona Subaru ya buluu yenye rimu za dhahabu unajua mwenyewe anakumbuka nini. Mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, barabara ya kwenda Naivasha ilijaa hizi gari.

Sisi tulikuwa huko Pasaka ya 2024. Mmoja wetu alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ameketi kiti cha mbele anakula mahindi ya kuchoma, na hatukujua bado kama ni mtoto mmoja au wawili. Hiyo siku haiuziki. Mmoja wetu amesomea masoko chuoni, na anajua vizuri kwamba gari kama hili huuzwa kwa hadithi kabla ya kuuzwa kwa injini. Tulijua hivyo, na bado tulinunua hadithi.

Sauti mbili, zote hazina hesabu

Mapacha walipofika, tulianza kusikia sauti mbili.

Ya kwanza ni ya mtaa na ya familia. "Sasa nyinyi ni wazazi, hiyo gari ni ya vijana." Shangazi mmoja alituambia nunueni kitu cha heshima. Ukimuuliza heshima ni shilingi ngapi, hana jibu. Kubadilisha gari ili watu wakuone mzazi ni kununua hadithi nyingine tu, na mara nyingi kwa mkopo.

Sauti ya pili ni ya moyo. "Ukiuza hutapata ingine kama hiyo." "Tutapunguza tu matumizi." "Mwezi ujao mambo yatakuwa sawa." Hiyo tuliisikiliza miezi minane. Kila mwezi ulikuwa mwezi ujao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bahati nzuri siku hizi daftari linajiandika lenyewe. Sisi hulipa karibu kila kitu kwa simu: petroli, fundi, bima, maegesho, hata kijana wa kuosha gari. Jumamosi moja ya Mei, watoto wakiwa wamelala, tuliomba taarifa ya mwaka mzima, tukachukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila muamala wa gari.

Hii ndiyo hesabu yetu:

- Petroli: KSh 246,000
- Fundi na spea, pamoja na mkanda wa taiming na klachi: KSh 96,000
- Bima: KSh 42,000
- Maegesho ya usiku: KSh 24,000
- Kuosha: KSh 18,000

Jumla ni KSh 426,000, yaani KSh 35,500 kila mwezi. Kodi ya nyumba yetu ni KSh 28,000. Kumbe tulikuwa na mpangaji wa pili, na yeye ndiye alikuwa analala nje.

Lakini namba kubwa siyo iliyotumaliza. Ilikuwa siku moja ya Aprili. Kwenye mstari mmoja tumelipa petroli ya KSh 4,000. Mistari miwili chini, siku hiyo hiyo saa mbili usiku, tumekopa KSh 1,500 kwa simu kununua maziwa ya kopo na pampers. Tangi limejaa, watoto wanalishwa kwa deni. Hakuna aliyekuwa mlevi, hakuna aliyecheza kamari. Tulikuwa wazazi wawili wenye kazi, tumekaa kimya mezani tukiangalia karatasi.

Na ule usiku wa homa?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na sisi pia tulikwama. Februari 2025 mmoja wa mapacha alishikwa na homa kali saa nane usiku. Tulimfunga kwa shuka, tukaingia garini, na kwa dakika chache tulikuwa hospitali kwenye Ngong Road. Mume alisema, "Unaona? Gari si anasa." Na alikuwa na ukweli wake. Hofu ya kukosa gari usiku mtoto akiwa mgonjwa si mchezo.

Lakini tuliuliza swali lingine: ule usiku tulihitaji gari, au tulihitaji *hili* gari? Teksi ya usiku kutoka Riruta hadi pale, hata tukilipa KSh 1,000, tukiihitaji mara kumi na mbili kwa mwaka ni KSh 12,000. Hiyo haifiki hata petroli yetu ya mwezi mmoja. Kwa hivyo tuliamua kwamba usiku wa homa unahitaji mfuko wake. Leo tuna KSh 10,000 mahali pa akiba ambapo hatugusi, na namba za madereva wawili wa teksi wa hapa mtaani ambao hupokea simu usiku. Hilo ni jambo unaloweza kufanya leo hata kama huna gari kabisa.

Tukapiga hesabu ya maisha bila gari. Matatu kwa watu wawili kwenda kazini na kurudi, KSh 7,000 hivi kwa mwezi. Teksi za kliniki, kanisa na dharura, KSh 6,000. Jumla KSh 13,000. Tofauti na 35,500 ni zaidi ya KSh 22,000 kila mwezi.

Si kila mtu auze

Tusieleweke vibaya. Kama gari lako linakuingizia pesa, au kazi yako iko mahali matatu hazifiki, au hesabu yako inaonyesha unalibeba bila kukopa, kaa nalo. Endesha. Watoto wako wataringa shuleni. Kuna pia njia ya katikati: kuuza la roho na kuchukua dogo lisilokunywa sana. Sisi tuliliangalia hilo na tukaona bado lingekula nusu ya akiba.

Kipimo chetu ni rahisi. Gari likikula kuliko kodi ya nyumba, lijadiliwe. Likikula siku moja na unayokopa chakula cha mtoto, liuzwe.

Ukiuza, usiuze kwa ujumbe wa simu

Sehemu hii tunaomba uisome polepole, maana nusura tupoteze kila kitu.

Mnunuzi wa kwanza alikuja jioni ya Jumapili. Alikuwa mpole, amevaa vizuri, hakubishana sana bei. Tulikubaliana KSh 650,000 na tukakutana kwenye kituo cha petroli karibu na Dagoretti Corner. Akabonyeza simu yake, na ndani ya dakika moja simu yetu ikalia: ujumbe unasema tumepokea KSh 650,000. Akanyoosha mkono kuchukua funguo. Alikuwa na haraka, eti mgonjwa yuko nyumbani.

Ujumbe ulikuwa feki, na ulijisema wenyewe. Tangu Agosti 2023, akaunti ya M-Pesa haiwezi kubeba zaidi ya KSh 500,000, na muamala mmoja hauzidi KSh 250,000. Kwa hivyo hakuna namna laki sita na nusu zingeingia kwa mpigo mmoja. Tena ujumbe ulitoka kwa namba ya kawaida ya simu, si kwa jina la huduma. Tulifungua salio palepale: KSh 2,340. Tulipoinua macho, jamaa alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea stage. Tulirudi nyumbani na gari letu, mikono ikitetemeka.

Mnunuzi wa pili alikuwa kijana wa Waithaka, hana mtoto, ana macho kama yetu ya zamani. Safari hii tulifuata utaratibu, nawe ufuate:

1. Amini salio, si ujumbe. Fungua menyu au programu wewe mwenyewe. Usiangalie picha ya skrini ya mtu.
2. Jua viwango vya akaunti yako. Bei ikizidi kiwango, lipaneni kupitia benki, na muende wote wawili mchana.
3. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema ni ya kuthibitisha malipo. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri.
4. Andikeni mkataba wa mauzo wenye tarehe, saa, namba za vitambulisho na saini za mashahidi.
5. Anzisha uhamisho wa umiliki NTSA kupitia akaunti yako ya eCitizen, na hakikisha mnunuzi ameukubali. Jina lako likibaki kwenye logbook, gari likigonga mtu au likitumika vibaya, wewe ndiye utatafutwa kwanza.
6. Funguo ziwe za mwisho.

Hatua ya tano ndiyo watu huruka. "Ni kijana mzuri, atahamisha mwenyewe." Huenda. Lakini wema wake hautamzuia polisi kupiga simu yako.

Pesa ikiingia, ipe kazi siku hiyo hiyo

Pesa iliyokaa tu kwa simu huyeyuka. Leo umetuma mia tano, kesho elfu mbili, na wiki ya tatu hujui imeenda wapi. Kabla ya kuuza tuliandika kila shilingi itaenda wapi. KSh 210,000 zilimaliza mkopo wa chama tuliotumia kununua gari lenyewe. KSh 300,000 ziliingia kwenye mfuko wa soko la fedha. KSh 90,000 tukaweka SACCO kwa ajili ya shule. KSh 50,000 zilibaki za kupumulia.

Ile tofauti ya KSh 22,000 ya kila mwezi, hatutadanganya kwamba yote inawekwa. Mapacha wanakula kama wanajeshi. Lakini KSh 10,000 hutoka tarehe mbili kabla hatujaiona, na tangu Julai hatujakopa kwa simu kununua maziwa.

Kuna siku tunaumia. Mvua ikinyesha na kliniki iko asubuhi, kila mmoja na mtoto wake na mkoba wake, tunasukumana kuingia matatu na kondakta anatuambia tubebe watoto mapajani kana kwamba tulikuwa na mpango mwingine. Na usiku Subaru ikipita Naivasha Road, mume hunyamaza mpaka mlio uishe. Hatumwambii kitu.

Lakini tukiulizwa tena, tungeuza tena, na tungeuza mapema.

Kwa hivyo usituulize sisi, na usiulize mtaa. Leo jioni watoto wakilala, fungua simu yako, omba taarifa ya miezi kumi na miwili, na zungushia kila muamala wa hilo gari. Kama mko wawili, ifanyeni pamoja, maana namba moja ikisomwa na watu wawili haina mabishano mengi. Halafu linganisha na kodi ya nyumba. Kama gari limeshinda mtihani, kesho asubuhi liwashe ukiwa na amani. Usisahau tu majirani wana watoto.