Mzazi, umelikagua pagale la jirani?

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu lishe ya watoto wakati wa kiangazi. Mada hiyo itasubiri. Jambo lililotokea nyumbani kwetu Oldonyo Sambu limenifanya nibadili mpango, na naomba unisome hadi mwisho hata kama huna kiwanja wala nyumba.

Mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka saba, alikuwa akimkimbiza mwanambuzi aliyeponyoka. Mbuzi akaingia kwenye pagale, mtoto akamfuata. Nyuma ya pagale hilo kuna shimo la choo lenye urefu wa futi 12, lililochimbwa miaka mingi iliyopita na kufunikwa kwa mabanzi. Mabanzi yalishaoza. Mtoto alizama.

Mungu ni mwema, yuko hai. Maji ya mvua yaliyokuwa chini hayakumfika kiunoni, na kijana wa bodaboda aliyesikia kilio alileta kamba. Amevunjika mguu, amefungwa plasta, na kwa sasa haendi shule.

Sasa sehemu ngumu kuiandika. Pagale lile ni la baba yangu mdogo. Mimi mwandishi wa afya, ninayewakumbusha kila wiki kuosha mikono na kuchanja watoto, nimekuwa nikipita mbele ya shimo lile kila ninapokwenda kuwasalimia wazazi. Sikuwahi kusema neno.

Kwa nini mapagale ni mengi

Ukipanda Noah kutoka mjini kuelekea Namanga, hesabu nyumba zisizo na bati. Utaziona Ngaramtoni, utaziona njia nzima hadi kwetu. Nyingine zimeishia msingi, nyingine zimefika lenta, nyingine zina bati lakini hazina mlango wala dirisha.

Wengi wetu hatujengi kwa mkopo. Tunajenga kidogo kidogo: mwaka huu tofali, mwaka ujao lenta, Mungu akijalia bati. Kwa hiyo pagale si dalili ya uvivu. Ni benki ya mtu wa kawaida. Ila benki hiyo husimama siku kipato kinaposimama.

Baba mdogo ni dereva wa watalii. Alianza kujenga mwaka 2017, akafika lenta mwaka 2019. Mwaka huo Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, wakashuka hadi 620,867. Kwa mkoa kama wetu, ambako dereva, mpagazi, mpishi wa kambi na muuza shanga wote hula kwa mgeni, maana yake ilikuwa ni mafundi kuambiwa wapumzike. Baba mdogo alikwenda Dodoma kutafuta kazi ya kuendesha lori. Nyumba ikabaki na upepo wake.

Wengine wanasimama kwa sababu mwenye nyumba amefariki na ndugu hawajakubaliana. Wengine wako ughaibuni na fedha ya ujenzi ililiwa na msimamizi. Sababu ni nyingi, na karibu zote zina uchungu ndani yake. Ndiyo maana majirani hunyamaza. Kumwambia mtu kuhusu pagale lake ni kama kumtangazia kwamba ameishiwa.

Yanayompata mtoto

Mtoto haoni aibu ya mwenye nyumba. Anaona mahali pa kucheza kombolela. Haya ndiyo anayoweza kukutana nayo.

Mashimo. Shimo la choo, karo na kisima cha kuvunia maji ya mvua huchimbwa mapema, kabla hata nyumba haijapanda. Mtoto akizama, usimfuate kwa kuruka. Shimo lililowahi kutumika linaweza kuwa na hewa yenye sumu, na mwokoaji akawa wa pili kufa. Ita watu, tafuta kamba au ngazi. Akitolewa mlaze chali, usimgeuzegeuze shingo, mpeleke kituo cha afya hata kama anasema haumwi.

Misumari yenye kutu na nondo. Pepopunda bado ipo. Osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha nenda kituoni na kadi ya kliniki ili mhudumu aangalie kama anahitaji chanjo.

Mbwa wasio na mwenyewe. Hupenda kuzalia kwenye mapagale. Mtoto akiumwa au akiparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituoni siku hiyo hiyo kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Usipake pilipili wala majani. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Nyoka na nge. Majani marefu na rundo la tofali ni nyumba yao. Mtoto akiumwa na nyoka usichanje, usifyonze, usikaze kamba. Mtulize, asitembee, mbebeni hadi kituoni.

Mbu. Mkoa wetu una malaria kidogo kuliko mikoa ya Kanda ya Ziwa, lakini maji yaliyosimama kwenye pipa, tairi au karo lisilofunikwa hutoa mbu wapya ndani ya wiki moja hadi mbili. Mbu wa homa ya dengi hupenda hasa vyombo vya namna hiyo, na huuma mchana.

La mwisho ni zito. Mahali ambapo hakuna anayeangalia ni mahali pazuri kwa mtu mwenye nia mbaya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi walimfahamu aliyewatendea, kwa hiyo tusidanganyike kwamba hatari iko kwenye pagale tu. Lakini pagale humpa mhalifu nafasi. Likimtokea mtoto wako, usimwogeshe, usifue nguo zake, mfikishe kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Toa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Waliojaribu wakaona

Unaweza kusema: haya yote tunayajua, lakini nani ana fedha za kumaliza nyumba ya mtu mwingine?

Mji wa Philadelphia huko Marekani una makumi ya maelfu ya viwanja vilivyotelekezwa, pamoja na nyumba tupu ambazo viwanda vilipofungwa wenyewe waliondoka. Mwaka 2011 mji ulianza kuwabana wenye majengo matupu waweke milango na madirisha yanayofanya kazi. Hawakulazimishwa kumaliza ukarabati wala kuhamia. Mlango na dirisha tu. Watafiti walipofuatilia, waliona mashambulizi ya bunduki yamepungua kuzunguka majengo yaliyotii.

Kisha wakafanya jaribio kwenye viwanja 541 vilivyotelekezwa. Baadhi vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao. Vingine viliachwa vilivyo, ili kulinganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: kwenye mitaa maskini zaidi, ukatili wa bunduki karibu na viwanja vilivyosafishwa ulipungua kwa asilimia 29. Na wakazi waliokuwa wakisema wanahisi huzuni na kukata tamaa walipungua kwa asilimia 41.5 wakilinganishwa na mitaa isiyoguswa.

Sisi si Philadelphia, na bunduki si tatizo la Oldonyo Sambu. Ila nilichojifunza hapo ni kwamba hatari ya nyumba tupu haimalizwi na kuimaliza nyumba. Huanza kupungua siku inapoonekana kwamba kuna mtu anaiangalia. Hilo halihitaji bati jipya.

Sheria inasemaje

Watu huniuliza kwa nini serikali isiwanyang'anye wanaotelekeza. Sheria zipo. Mjini, masharti ya hati kwa kawaida hutaka kiwanja kiendelezwe ndani ya miezi 36. Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu halmashauri ya kijiji kuitangaza ardhi kuwa imetelekezwa ikiwa haijatumika kwa muda usiopungua miaka mitano. Lakini mwenyewe lazima apewe taarifa na nafasi ya kujieleza, na uwezo wake lazima uangaliwe. Jirani hana ruhusa ya kujimilikisha.

Kwa maoni yangu, njia hiyo ni ya mwisho. Ukimnyang'anya mtu aliyesimama kwa sababu ya korona, umemwadhibu kwa kuishiwa, na shimo bado liko wazi kesi ikiendelea.

Iliyo karibu zaidi na mzazi ni Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Inampa afisa afya uwezo wa kumtaka mwenye eneo aondoe kero inayohatarisha afya ya watu. Shimo lisilofunikwa na maji yaliyosimama ni kero ya aina hiyo. Huhitaji wakili. Unahitaji kufika ofisi ya kata na kueleza.

Tulivyofanya sisi

Nilimpigia baba mdogo jioni ile ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Habari za nyumbani?"

Nilimweleza. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Mama, niliwaza siku nyingi kuweka mlango wa mabanzi. Lakini mtu akiweka mlango wa mabanzi kwenye nyumba ya vyumba vinne, watu watasema ameshindwa."

Jumapili iliyofuata alikuja. Tulikwenda naye kwa mama wa mtoto, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na mzee mmoja wa ukoo. Baba mdogo aliomba radhi na kuchukua gharama za matibabu. Yule mama aliipokea radhi, halafu akasema: "Mimi napita hapo kila siku na ndoo ya maji. Shimo niliona. Sikusema, na ninyi hamkusema."

Hakuna aliyemjibu. Alikuwa sahihi.

Jumamosi iliyofuata mafundi wawili walimwaga zege juu ya shimo. Vijana wa jirani walikata majani na kupanga tofali upande mmoja. Mlango wa mabanzi umewekwa, na madirisha ya mbele yamezibwa kwa tofali zisizo na saruji, ili siku ya kuyafungua isiwe kazi. Gharama yote haikuzidi bei ya mbuzi wawili. Baba mdogo sasa anatafuta kijana mwenye familia amezekee chumba kimoja, akae bila kodi na kulinda. Makubaliano yataandikwa mbele ya mwenyekiti, ili kesho kusiwe na ugomvi wa nani ni mwenye nyumba.

Cha kufanya wiki hii

Mzazi, tembea njia anayopita mtoto wako kwenda shule, dukani na kuchota maji. Usiitazame kwa macho yako, itazame kwa kimo chake. Hesabu mapagale na mashimo.

Mpigie mwenye nalo kabla ya kumshtaki. Kama humjui, mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, au balozi, mara nyingi anamjua. Ongea naye kama ndugu. Usimuulize atamaliza lini. Muulize kama unaweza kumsaidia kufunika shimo.

Akikubali, anzeni na mambo manne: funika mashimo, mwaga maji yaliyosimama, kata majani, ziba milango. Akikataa au asipopatikana, peleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, na umwombe afisa afya wa kata aje alione kwa macho. Kitu chochote kinachojengwa kwenye kiwanja cha mtu kipate ruhusa yake au ya uongozi.

Na kama pagale ni lako, kama lilivyo letu, nakusihi usingoje fedha za bati. Funika shimo kwanza. Mtu mwenye akili hatakucheka kwa mlango wa mabanzi.

Mwisho, zungumza na watoto. Usiwatishe kwa hadithi za majini wanaokaa kwenye mapagale, maana siku wakigundua hakuna jini wataingia. Waambie ukweli: kuna shimo, kuna nyoka, na mtu mzima yeyote anayekuita uingie humo, mkimbie uje uniambie, sitakugombeza.

Jana nilipita kumwona yule mtoto. Plasta yake imejaa majina ya wenzake yaliyoandikwa kwa kalamu. Aliniuliza kama shimo limefungwa kweli. Nikamwambia limefungwa. Akasema akipona atakwenda kulikanyaga aone.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, tuzungumze lishe.