Simba Uwanjani, Kondoo Nyumbani: Yupi Ndiye Yeye?

Mwezi huu naanza na swali la dada mmoja ninayefanya naye kazi. Mchumba wake hucheza mpira kila Jumapili. Akiwa uwanjani anamfokea refa, anavua jezi na kuitupa, anatafuta ugomvi. Jioni akirudi ni mpole utadhani siye. "Sasa mimi naolewa na yupi?" akaniuliza.

Wahenga walishasema tabia ni kama ngozi. Mwanasaikolojia Hans Eysenck, aliyefanya kazi miaka mingi London, angekubaliana nao. Kwake kuna wachangamfu na wakimya, kuna watulivu na wanaochemka haraka, na sehemu kubwa ya hayo mtu huzaliwa nayo. Albert Bandura akaja na lake: mwaka 1961, huko Marekani, alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akipiga mwanasesere nao waliiga. Yaani hasira mtu anaweza kujifunza. Naye Kurt Lewin tangu 1936 alishasema tabia ni mtu pamoja na mazingira aliyomo.

Mimi niko upande wa Lewin, na shahidi wangu ni tenisi. John McEnroe wa Marekani alijulikana dunia nzima kwa mdomo wake. Pale Wimbledon mwaka 1981, raundi ya kwanza tu, aliwafokea waamuzi mpaka basi. Lakini akikutana na Björn Borg wa Sweden, anatulia! Walicheza mara 14, kila mmoja akashinda 7, na McEnroe mwenyewe ameshaeleza kwamba alimheshimu mno Borg kiasi cha kutothubutu kuleta vurugu. Damu ni ile ile, mchezo ni ule ule. Kilichobadilika ni nani amesimama upande wa pili wa wavu.

Na huyo Borg? Walimwita barafu, akatwaa Wimbledon mara 5 mfululizo, 1976 hadi 1980. Ila utotoni alikuwa mtundu wa kurusha raketi, hadi klabu yake ikamfungia kwa muda. Utulivu ule hakuzaliwa nao, aliutafuta.

Tunapata nini hapo? Kwanza, "mimi ndivyo nilivyo" si jibu. Mwangalie mwenzio: anamfokea refa, je, mbele ya bosi wake? Kama kwa bosi ananyamaza, basi breki anazo, ila anachagua pa kuzikanyaga. Na mhudumu wa hoteli, na konda wa daladala, na mdogo wake, wanapata upande gani?

Pili, dada zangu na kaka zangu, usijipe kazi ya kuwa Borg wa mtu. Borg hakumtuliza McEnroe kwa kumvumilia matusi. Aliheshimiwa, basi. Na barafu yake aliitengeneza mwenyewe, hakutengenezewa na mchumba. Mwenzio akianza kukuinulia mkono, hiyo si mechi tena. Toka uwanjani, na usisubiri filimbi.

Kwa wengine wote, ushauri wangu ni mwepesi: nenda ukamtazame akicheza. Mabao waachie mashabiki. Wewe mwangalie dakika tano baada ya timu yake kufungwa.