Tuliwakomboa, Lakini Hatuwajui

Niseme mapema: sina ugomvi na watu wanaotembea. Nina ugomvi na watu wanaohesabu. Siku hizi ukikaa na vijana wenzangu wa mjini, wale wa shanta mgongoni na pasipoti iliyochakaa, swali la kwanza ni "umeshafika nchi ngapi?" Saba. Kumi na moja. Mwingine ana ishirini na tatu, na ramani ya Afrika ukutani kwake, kila nchi aliyopita ameipaka rangi. Sasa muulize: hiyo nchi ya kijani uliyolala siku tatu, watu wake wanagombania nini? Wanasoma nini? Kuna jambo gani ambalo ukilitaja mezani watu wanaangaliana? Anacheka. Anakuonesha picha ya maporomoko.

Nawasema nikiwa mmoja wao.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipopata likizo ya mwezi mzima, nikaamua kushuka kusini kwa nchi kavu. Treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, basi hadi Lusaka, basi jingine hadi Livingstone, kisha kwa miguu juu ya daraja la Zambezi hadi upande wa Zimbabwe. Maandalizi yangu yalikuwa chanjo ya homa ya manjano, dola nilizozificha kwenye soksi, kitabu cha mwongozo nilichoazima kwa mfanyakazi mwenzangu, na video kama arobaini za kwenye intaneti. Nilijua nyumba ipi ya wageni ina maji ya moto. Nilijua mbuga ipi ina tembo wengi. Kuhusu watu niliona sihitaji kusoma. Si ndugu zetu hawa? Si tuliwakomboa sisi?

Bulawayo nilifikia kwa mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akipangisha vyumba viwili vya uani. Jioni ya pili akanikaribisha mezani kwake. Tulikula isitshwala, ugali mweupe usio na tofauti na wetu, na mboga za majani. Nikanogewa, nikaanza kujimwaga. Nikamweleza jinsi sisi Watanzania tulivyojitolea kwa ajili yao: Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, kambi ya Kongwa, kambi ya Mgagao. Kisha nikamsifia Mugabe kwa moyo wote, kama nilivyozoea kumsikia akisifiwa kijiweni. Mzee jasiri, kawaambia wazungu ukweli, na kadhalika na kadhalika.

Mama akaacha kula. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huko kwenu mlishawahi kusikia neno Gukurahundi?"

Sikuwahi. Mimi, mwandishi wa habari mwenye digrii, sikuwahi. Akaniambia kaka yake alichukuliwa mwaka 1983 na hakurudi. Akasema hayo tu, akakusanya sahani. Hakunigombeza. Asubuhi alinipikia chai kama kawaida na kuniuliza kama nimelala vizuri, na hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa.

Sasa na wewe ambaye hujawahi kulisikia, lisikie hapa kabla hujalisikia mezani kwa mtu. Gukurahundi ni neno la Kishona, mvua ya kwanza inayosomba makapi kabla ya mvua za masika. Ndilo jina lililoshikamana na operesheni ya Brigedi ya Tano, kikosi kilichofunzwa na wakufunzi wa Korea Kaskazini, ambacho serikali ya Mugabe ilikipeleka Matabeleland mwaka 1983, ikisema inawasaka waasi. Waliouawa wengi walikuwa raia, wengi wao Wandebele, watu wa eneo lililokuwa ngome ya chama cha ZAPU cha Joshua Nkomo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanafikia watu 20,000. Mauaji yalikoma kwa makubaliano ya Desemba 1987 yaliyoimeza ZAPU ndani ya ZANU. Mwaka 1997 Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani pamoja na wanasheria walitoa ripoti nzito kuhusu mauaji hayo.

Hapo ndipo fahari yetu inapotakiwa kupata kigugumizi. ZANU na ZAPU wote walipita kwetu. Wote walikula ugali wetu na kufanya mazoezi kwenye ardhi yetu. Miaka mitatu tu baada ya uhuru wa 1980, mmoja akawageuzia bunduki watu wa mwenzake. Sisi kule nyuma tuliendelea kuimba nyimbo zilezile za ukombozi, kama vile hadithi iliishia siku bendera ilipopandishwa.

Huu ndio ugonjwa wetu hasa, wasafiri wa Kitanzania. Mzungu anapokuja na kitabu chake cha simba na machweo tunamcheka, na tuna haki. Binyavanga Wainaina alishawavua nguo mwaka 2005 kwenye insha yake kuhusu namna ya kuiandika Afrika. Lakini tukishamaliza kumcheka mzungu, sisi tunabeba nini? Tunabeba undugu. Na undugu ni ujinga mtamu sana, kwa sababu unakuambia huna haja ya kujifunza chochote kumhusu mtu uliyekwisha muita ndugu. Mgeni kutoka Ulaya angalau anajua kwamba hajui, ndiyo maana kanunua kitabu. Sisi tunafika na jawabu mfukoni.

Najua nitajibiwa vipi, maana nilishajibiwa. "Kaka, usitufanye turudi darasani. Tembea uone. Safari yenyewe ndiyo shule." Mbona sikatai? Lakini jamani, hiyo shule walimu wake ni akina nani? Ni watu kama yule mama. Msafiri asiyesoma anamlazimisha mwenyeji alipe ada ya masomo yake. Ilibidi yule mama amtaje kaka yake aliyepotea ili mimi nijifunze jambo ambalo ningeweza kulisoma chumbani kwangu Sinza bila kumuumiza mtu. Hiyo ndiyo bei ya "nitajifunza nikifika", na tunaowapa bili ni wenye nyumba.

Wapo wanaosema pia kwamba anayesoma sana hufika akiwa mjuaji, akawahutubia wenyeji kuhusu nchi yao. Hilo lipo, nimekutana nao. Ila mimi naona kusoma kwa kweli hakukupi maneno ya kusema. Kunakupa sababu za kunyamaza. Ningekuwa nimeisoma riwaya ya Yvonne Vera iitwayo The Stone Virgins, iliyotoka 2002, nisingefungua mdomo wangu pale mezani. Vera alizaliwa Bulawayo. Riwaya yake inakwenda kati ya mji huo na Kezi, inawafuata dada wawili, na haimpendelei mtu: yupo mpiganaji wa msituni anayefanya unyama, na wapo wanajeshi wa serikali wanaofanya unyama wao dukani kwa mwanakijiji. Ukishaisoma huwezi kumuingilia mtu wa Matabeleland na kaulimbiu. Utakula isitshwala yako kimya, na kama mwenyeji akitaka kusema atasema.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefunga shanta ni huu. Kabla ya kuuliza bei ya chumba, tafuta kidonda cha nchi unayokwenda: lile jambo ambalo vitabu vya shule vya hapo vinalipita kwa aya moja au havilipiti kabisa. Kisha tafuta mwandishi wa hapo aliyelishika jambo hilo kwa mikono yake. Ukienda Malawi, ujue kwamba Jack Mapanje, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu, aliwekwa kizuizini na serikali ya Banda mwaka 1987 akakaa hadi 1991 bila kufunguliwa mashtaka. Ukijua hilo hutashangaa kwa nini mzee wa makamo kule Zomba anashusha sauti akitaja enzi hizo. Mwandishi mmoja si nchi nzima, bila shaka. Tafuta wawili wanaobishana. Soma magazeti yao wiki mbili kabla, hata kurasa za michezo. Na jifunze kuamkia kwa lugha ya watu, si Kiingereza cha mapokezi.

Hapa sasa niwageukie wachapishaji wetu, maana si haki kumlaumu kijana peke yake. Ataisoma wapi hiyo Zimbabwe? Ingia duka lolote la vitabu hapa mjini. Utapata namna ya kuwa tajiri kabla ya miaka arobaini, utapata vitabu vya kiada, utapata maisha ya marais wa Marekani. Riwaya ya Zambia hupati. Ya Msumbiji, jirani tunayepakana naye kwa mto Ruvuma, ambaye chama chake cha FRELIMO kilianzishwa hapahapa Dar mwaka 1962, ndiyo kabisa. Tuna barabara ya Samora katikati ya jiji, tunakatiza hapo kila siku kwenda benki, na hatuna kitabu kimoja rafu ya mbele kinachotuambia Wamsumbiji wanaishije. Paulina Chiziane alishinda Tuzo ya Camões mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Kwenye vijiwe vyetu vya fasihi nilimsikia akitajwa mara ngapi? Hata Gurnah, mtoto wa Unguja, tulisubiri apewe Nobel ndipo Paradise, iliyotoka 1994, isomeke kwa Kiswahili kama Peponi.

Na tusijidanganye kwamba haiwezekani. Miaka ya 1970 Clement Ndulute alimleta Achebe kwa Kiswahili katika Shujaa Okonkwo. Abdilatif Abdalla akamleta Ayi Kwei Armah wa Ghana katika Wema Hawajazaliwa. Baadaye Senegal ya Mariama Bâ ikatufikia kama Barua Ndefu kama Hii. Kizazi cha baba zetu, ambacho wengi wao hawakuwahi kuvuka Tunduma, kiliweza kuijua Ghana ya rushwa na mabasi mabovu bila kutoka Morogoro. Sisi tunaovuka mipaka kwa basi la usiku tunaijua kwa dansi. Nani kasafiri hapo?

Safari yangu ijayo ni Msumbiji. Nilipanga kuondoka Juni, nimeiahirisha hadi mwakani kwa sababu bado sijawa tayari, na marafiki zangu wanaona nimechanganyikiwa. Najifunza Kireno cha kuombea maji na kusalimia. Namsoma Chiziane kwa Kiingereza, kwa uchungu, maana kwa Kiswahili sina. Nasoma kuhusu Mueda, ambako Wareno waliwafyatulia watu risasi mwaka 1960, na kuhusu Cabo Delgado tangu Oktoba 2017, vita inayowaumiza Wamakonde na Wamwani, ambao ndugu zao wako Mtwara na huku kwetu tunawanunulia vinyago.

Na yule mama wa Bulawayo nilimwandikia barua baada ya kumsoma Vera. Nilimwomba radhi, nikamweleza nimesoma nini. Alinijibu kwa ukurasa mmoja. Safari hii alinitajia jina la kaka yake. Sitaliandika hapa, kwa sababu aliniambia mimi, na ilinichukua miaka miwili ya kusoma kustahili kuambiwa.